Sikio Halilali na Njaa: Tununue Visikizi au Tununue Nembo?

Waswahili walinena kuwa sikio halilali na njaa. Methali hii aghalabu hutumiwa kuhusu habari na umbea, lakini mkazi wa Munyaka, mtaa huu wa Eldoret ambao jina lake katika Kikuyu lina maana ya bahati njema, ataipa tafsiri nyingine. Kabla ya kinu cha posho kuanza kunguruma, vipaza sauti vya ibada huwa vimekwisha kuamka. Mchana ni zamu ya mafundi wa vyuma na pikipiki za bodaboda. Usiku jirani hukufungulia redio yake bila kukuuliza kama unaihitaji. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kusikiliza mahojiano aliyoyarekodi nyanjani hana budi kutafuta kinga. Ndipo anapoanza kuvitamani vile vipokea sauti vikubwa vinavyofunika sikio zima na visivyotumia waya, ambavyo katika makala haya nitaviita visikizi.

Je, visikizi vya bei ghali vinamfaa mwanafunzi? Naandika kama aliyeungua. Muhula mmoja nilimega fedha za mkopo wa masomo, nikanunua katika duka moja mjini visikizi vilivyopambwa kwa nembo ya kampuni kubwa. Wiki ya tatu upande wa kushoto ulinyamaza. Nilipovipeleka kwa fundi alicheka, akanionyesha kwamba hata herufi za nembo hazikupangwa sawasawa. Muhula ule nilikula sima na sukuma wiki hadi nikakoma. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nilikuwa nimetembezewa.

Tuviangalie basi vile vya asili. Sony WH-1000XM5, vilivyotolewa mwaka wa 2022, vina uzito wa gramu 250 hivi na betri yake hudumu saa 30 huku kelele zikizimwa. Ila yake ni kwamba havikunjiki, dosari ambayo haikuwa katika XM4 ya mwaka wa 2020, na ambayo kampuni iliiondoa katika XM6 ya mwaka wa 2025. Bose QuietComfort Ultra vya mwaka wa 2023 vina uzito unaokaribiana na huo, ila betri yake ni ya saa 24. AirPods Max za Apple, zilizotolewa Desemba 2020, zina gramu 385 na saa 20 tu, wala hazina kitufe cha kuzizimia. Sennheiser Momentum 4 vya mwaka wa 2022 vina gramu 293, lakini betri yake hufika saa 60. Vilipozinduliwa Marekani, vya bei nafuu kati ya hivi vinne vilikuwa Sennheiser, dola 350. Vya juu kabisa vilikuwa vya Apple, dola 549. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni takribani shilingi 45,000 na 71,000, kabla ya ushuru na faida ya mwuzaji.

Fedha hizo zinanunua nini? Kwanza kabisa, zinanunua ukimya. Inasimuliwa kuwa Amar Bose alipata wazo hili ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston mwaka wa 1978, na mwaka wa 1989 kampuni yake ikawauzia marubani visikizi vya aina hiyo. Maikrofoni ndogo hunasa ngurumo ya nje, kisha kifaa huzalisha wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana. Hata hivyo, mbinu hii hufaulu zaidi kwa sauti nzito zisizobadilikabadilika. Injini ya matatu itafifia. Ukelele wa utingo na mlio wa nyundo vitapenya. Anayeahidiwa kuwa Munyaka nzima itanyamaza anadanganywa.

Pili, zinanunua uwazi wa sauti, na hapa mwanaisimu anastahili kuwa makini. Tofauti kati ya sindano na shindano, au kati ya suka na shuka, inabebwa na vikwamizwa, na nguvu nyingi ya vikwamizwa kama /s/ imo katika masafa ya juu, kuanzia hezi 4,000 hivi na kuendelea. Simu za zamani zilikoma kwenye hezi 3,400, ndiyo maana mtu alilazimika kutaja jina lake herufi moja moja. Visikizi vinavyosifiwa kwa mdundo mzito mara nyingi huzifunika sauti hizi. Aidha, mtafiti asirekodi kwa maikrofoni ya visikizi hivi kupitia Bluetooth, kwani mara nyingi kifaa huhamia kwenye njia ya mazungumzo ya simu na ubora wa sauti hushuka. Tena, kifaa hakiongezi kisichokuwamo. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi nyimbo zake. Hakuna kisikizi cha shilingi 71,000 kitakachorejesha kile ambacho mitambo ya wakati ule haikukinasa.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya sikio lenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima asipite saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4. Uziwi unaotokana na kelele huanza kuonekana karibu na hezi 4,000, papo hapo penye vikwamizwa vyetu. Anayepandisha sauti ili kuishinda injini ya matatu anakifisha pole pole chombo chake cha kazi. Kwa hiyo faida halisi ya kuzima kelele ni kumwezesha msikilizaji kupunguza sauti. Asiyeipunguza amenunua pambo.

Watetezi wa bei ghali watasema kwamba seremala hasiti kununua randa nzuri. Nakubaliana nao, maadamu seremala hakopi karo ya mwanawe ili ainunue. Mwenye fedha zake mwenyewe, nami nikiulizwa, achukue Sennheiser, kwa kuwa katika mitaa yetu stima hupotea bila kuaga na saa 60 si haba. Anayepanda matatu kila siku atafute Sony zinazokunjika. Apple mwachieni mwenye iPhone na shingo imara. Yeyote kati yao avivue anapovuka barabara, kwani bodaboda haijui kuwa umeizima.

Mwenye fedha za mkopo asubiri. Visikizi vya waya vinavyofunika sikio vyema, vya sehemu ndogo ya bei hiyo, vitamtosha chumbani, havihitaji betri na havicheleweshi sauti. Napendekeza pia chama chetu kinunue jozi mbili au tatu nzuri, ziwekwe chini ya ulinzi wa katibu, wanachama waziazime kwa saini wanaponukuu data zao. Chombo cha pamoja hakimfilisi mmoja.

Mwisho, tusisahau kwamba sisi ni wanafunzi wa lugha, na lugha hii inazungumzwa nje ya visikizi. Misimu ya makanga, lafudhi za akina mama sokoni, na Kiswahili cha watoto wa Munyaka ambao nyumbani husema Kikuyu, Kikalenjin au Kiluhya, vyote ni data inayopita bure mlangoni petu. Tuvivae visikizi kwa kazi, kisha tuvivue tusikilize. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la kwetu lingali hai.