Daktari wa Daftari

Majuma mawili yaliyopita bibi mmoja wa mtaani kwetu aliteleza uani akavunjika nyonga. Mwanawe akapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Akajibiwa kuwa gari lipo, dereva yupo na mafuta yamo, ila limetumwa kuchukua viti vya mkutano na huenda likarudi alasiri. Tukamlaza bibi juu ya ubao wa mlango, tukampakia katika gari la kubebea mchanga, vijana wanne wakiushikilia ubao usiteleze. Sitataja gari lile ni la wapi, maana nia yangu si kumfedhehesha mtu. Ila njia nzima, kila tulipoingia shimoni na bibi akapiga ukelele, nilikuwa nikimfikiria mtu aliyezaliwa miaka mia mbili iliyopita katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ambaye nusu ya kazi yake duniani ilikuwa kuhakikisha kuwa gari la wagonjwa halibebi kitu kingine.

Jina lake ni Jonathan Letterman. Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1824, mtoto wa daktari, katika mji mdogo uitwao Canonsburg. Akasomea tiba katika chuo cha Jefferson, Philadelphia, akahitimu mwaka 1849 na mwaka huo huo akaingia jeshini akiwa daktari msaidizi. Miaka kumi na zaidi iliyofuata haina mengi ya kusimulia: ngome za mpakani, Florida, Minnesota, New Mexico, California, askari wenye homa, askari wenye kuhara, na karatasi za kujaza. Nadhani hizo karatasi ndizo zilizomlea. Mtu aliyekaa ngome ya mbali akisubiri dawa zilizoagizwa miezi mingi nyuma hujifunza jambo ambalo daktari wa mjini halijui, nalo ni kwamba mgonjwa huweza kufa kwa kosa la karani.

Mwaka 1861 Wamarekani wa Kaskazini na wa Kusini wakaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita hivyo viliua watu zaidi ya 600,000, na karibu thuluthi mbili yao hawakuuawa na risasi bali na maradhi. Jeshi kubwa la Kaskazini upande wa mashariki liliitwa Jeshi la Potomac, kwa jina la mto. Mwezi Juni 1862 Mganga Mkuu wa majeshi, William Hammond, alimteua Letterman awe mkurugenzi wa tiba wa jeshi hilo. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Alilikuta jeshi limepiga kambi kando ya Mto James huko Virginia, limeshindwa na limechoka. Karibu askari mmoja katika kila watano alikuwa mgonjwa. Kiseyeye kilikuwa kimeanza kuonekana, ufizi unavimba na miguu inaota mabaka. Mtu angetazamia mkurugenzi mpya aitishe dawa. Letterman aliitisha viazi, vitunguu na malimau. Akaagiza mahema, visima vichimbwe, takataka zifukiwe, askari waoge, na wapate kahawa ya moto asubuhi kabla ya kushika kazi. Kisha akatoa agizo ambalo kila mama mwenye jiko atalielewa bila kufafanuliwa: chakula kipikwe kwa pamoja, kombania nzima chungu kimoja, isiwe kila askari wawili watatu na kikaango chao wakila mafuta na unga mbichi. Baada ya majuma machache idadi ya wagonjwa ikaanza kushuka. Hakuna aliyepasuliwa wala kushonwa katika habari hii yote, na ndiyo maana haisimuliwi sana.

Lakini jambo lililomfanya akumbukwe ni magari.

Kabla yake, magari ya kubebea majeruhi yalikuwa chini ya idara ya ugavi, ile ile inayosimamia mahindi ya farasi na masanduku ya risasi. Madereva walikuwa raia wa kuajiriwa. Mizinga ilipoanza kunguruma, baadhi yao waligeuza farasi wakakimbia. Wengine waliinywa pombe iliyowekwa kwa ajili ya wagonjwa. Wabeba machela walikuwa wapiga tarumbeta wa bendi, watu wasiofunzwa kazi hiyo. Na pale kusipokuwa na vita, maofisa waliyatumia magari hayo kama gari zao za matembezi na kubebea mizigo yao. Majeruhi asiyekuwa na rafiki wa kumbeba alilala pale alipoangukia. Mwenye rafiki alibebwa na watu watatu wanne, na aghalabu hao hawakurudi tena kwenye mstari wa mapigano, basi jeshi likapoteza watano kwa risasi moja.

Hammond alipendekeza kwa wakuu wa serikali kuundwe kikosi maalumu cha magari ya wagonjwa, akakataliwa. Letterman hakungoja serikali. Alimwendea jenerali wake, George McClellan, na tarehe 2 Agosti 1862 ikatoka Amri ya jeshi hilo namba 147. Nimeona mengi yakiandikwa kuhusu majenerali wa vita vile, panga zao na farasi wao; mimi ningeliweka jina la amri hiyo juu ya mengi ya hayo.

Amri yenyewe ni kavu kama orodha ya dobi. Kila rejimenti itengewe magari yake. Kila gari liwe na dereva na watu wawili wa machela, wote askari, wachaguliwe na wafanyishwe mazoezi ya kumnyanyua mtu, kumlaza na kumpakia. Kila ngazi iwe na msimamizi wake: kapteni juu, maluteni chini yake, sajini katika rejimenti, na kila mmoja ajulikane anajibu kwa nani. Wavae utepe wa kijani kofiani na alama ya kijani mikononi, ili asiyevaa kijani asijifanye mbeba majeruhi akapata njia ya kukimbia vita. Na magari hayo yasibebe chochote wala yeyote ila wagonjwa na majeruhi. Jenerali akitaka kwenda matembezini, atafute farasi.

Mwishoni mwa Agosti hiyo hiyo yakatokea mapigano makubwa huko Bull Run, yaliyopiganwa zaidi na jeshi jingine la Kaskazini ambalo mpango huu haukulifikia. Majeruhi walilala uwanjani siku nyingi, wengine karibu juma zima, katika jua na mvua, bila maji. Majuma yasiyozidi matatu baadaye, tarehe 17 Septemba 1862, zamu ikafika kwa Jeshi la Potomac katika kijito cha Antietam, Maryland. Siku hiyo moja watu karibu 23,000 wa pande zote mbili waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Marekani haijapata kuona siku ya umwagaji damu kama hiyo katika historia yake yote ya vita. Magari ya Letterman yalikuwa bado machache na watu wake hawajapata mazoezi ya kutosha. Hata hivyo, katika sehemu ya uwanja iliyokuwa mikononi mwa jeshi lake, majeruhi waliondolewa ndani ya muda wa siku moja hivi.

Wapi walipelekwa? Hapo ndipo akili ya mpangaji inapoonekana. Aliigawa safari ya majeruhi katika vituo vitatu. Cha kwanza karibu kabisa na mapigano, pa kufunga jeraha na kuzuia damu. Cha pili nyuma kidogo, penye mahema au ghala la mkulima, pa kupasulia. Cha tatu hospitali kubwa mjini, kwa yule atakayehitaji kulala majuma. Msomaji aliyesoma sira atamkumbuka Bi Rufaida al-Aslamiyya na hema lake, alikopelekwa Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki. Hema la tiba kuwekwa karibu na jeraha si fikra ya juzi. Kipya kwa Letterman kilikuwa ni kuunganisha hema kwa hema na gari kwa gari, kwa watu maelfu, usiku, huku kila mmoja akijua mahali pake.

Mwezi Oktoba akaongeza jambo lililowaudhi wengi. Katika kila divisheni wachaguliwe madaktari watatu wa kufanya upasuaji mkubwa, nao wachaguliwe kwa ustadi wa mikono yao, si kwa cheo wala kwa miaka ya utumishi. Wengine wote wafunge vidonda, watoe dawa, na waandike majina. Hebu fikirini, mzee mwenye nyota mabegani anaambiwa ashike daftari na kijana ashike kisu!

Yote haya yasitufanye tumwone kama mtu asiyekosolewa. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, majeruhi zaidi ya 20,000 wa pande zote mbili walibaki katika mji mdogo na mashamba yake. Kuwaokota uwanjani kulifanyika upesi, lakini jeshi lilipoondoka kumfuata adui, kati ya madaktari wake kiasi cha 650 Letterman aliwaacha 106 tu. Alitazamia vita vingine vya karibu, na havikutokea. Mahema na vifaa navyo vilikuwa vimezuiwa nyuma kwa amri ya jenerali ili barabara zibaki wazi kwa risasi. Letterman alilalamika wazi katika taarifa yake. Baadaye ilijengwa hapo hospitali kubwa ya mahema iliyopewa jina lake, ikiwatibu askari wa Kaskazini na wa Kusini pamoja.

Oktoba ya mwaka huo alimwoa Mary Digges Lee, binti wa Maryland. Mwanzoni mwa 1864 aliachia ukurugenzi kwa ombi lake mwenyewe. Machi 1864 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuueneza mpango wake katika majeshi yote ya Kaskazini, yaani lile lililokataliwa serikalini miaka miwili nyuma, sasa likapigiwa kura. Desemba akajiuzulu jeshi kabisa, akahamia California na mkewe. Biashara ya mafuta ya petroli aliyokwenda kuisimamia haikufaulu. Alirudi kwenye udaktari huko San Francisco, akachapisha kitabu cha kumbukumbu zake mwaka 1866, akachaguliwa kuwa mchunguzi wa vifo wa mji. Mwishoni mwa 1867 Mary akafariki, akamwachia mabinti wawili wadogo. Mtu aliyepanga safari za majeruhi maelfu hakuinuka vizuri tena baada ya pigo hilo. Alikonda, akaugua, na tarehe 15 Machi 1872 naye akafariki akiwa na umri wa miaka 47. Mwaka 1911 hospitali ya jeshi ya San Francisco iliitwa kwa jina lake.

Bibi yetu amefungwa na amelazwa, na nilipomtembelea Ijumaa nilimsimulia habari hii ili kumpitishia wakati. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. Kisha akauliza, mwanangu, na yule aliyechukua viti, yeye utepe wake ni wa rangi gani?