Kipindi Kinaweza Kusubiri

Akina mama wenzangu, nawasalimu tena kutoka huku milimani, Vuga, ambako ukungu wa asubuhi unachelewa kuondoka na nguo za watoto zinachukua siku mbili kukauka.

Majuzi, baada ya mazoezi ya kwaya, dada mmoja alinivuta kando. Yeye na mumewe wameuza maharage, wamelipa ada za watoto, na wamebakiwa na fedha kidogo. Baba anataka king'amuzi kipya chenye uwezo wa kurekodi vipindi. Binti yao wa kidato cha tatu anasema hayo ni mambo ya kizamani, bora wanunue simu kubwa na bando, kwani siku hizi kila kitu kiko kwenye intaneti. Nyumba imegawanyika. "Dada muuguzi," akaniuliza, "kwako vyote viwili vipo. Tushike lipi?"

Nilimjibu kwa kifupi palepale mlangoni. Lakini nilipofika nyumbani niliona swali lake ni la wengi, na kwamba sikulijibu vizuri. Basi mwezi huu nalijibu hapa.

Tulikotoka

Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970. Sisi wa Bara tuliipata mwaka 1994, ITV ilipoanza, nami nilikuwa bado msichana wa shule. Enzi zile kipindi kilikuwa kama basi la asubuhi: ukichelewa limekwenda. Wachache wenye uwezo walikuwa na deki na kanda, wakarekodi harusi na mahubiri. Sisi wengine tulisimuliwa.

Kisha ikaja dijitali. Mitambo ya zamani ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mwaka 2013 ikawa zamu ya Tanga na mikoa mingine. Hapo ndipo neno king'amuzi lilipoingia jikoni kwetu. Huku milimani tukajifunza jambo moja zaidi. Mawimbi ya antena ya kawaida husafiri kwa kunyooka, na aliyejenga nyuma ya kilima picha zake hukatika vipande vipande. Dishi halina shida hiyo kwa sababu linatazama juu, kwenye satelaiti iliyo yapata kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ndiyo maana ukipita Vuga hadi Soni utaona madishi hata kwenye nyumba za udongo.

Lakini saa haikubadilika. Taarifa ya habari bado ni saa mbili usiku, na saa mbili usiku mama wa Kisambaa yuko wapi? Yuko na mwiko mkononi. Kipindi cha afya ya mtoto kinarushwa mchana, naye yuko shambani. Anayelengwa na kipindi ndiye asiyekiona. Kwa hiyo, dada yangu, hamu ya kuweka kipindi kikusubiri si anasa. Ni haki ya mtu ambaye siku yake imejaa kazi za wengine.

Kinachorekodi

Mashine ya kwanza ya kurekodi televisheni kwenye diski bila kanda iliuzwa Marekani mwaka 1999, na iliyojulikana zaidi iliitwa TiVo. Kwa upande wetu wa dunia, DStv walileta Explora, kilichotoka kwanza Afrika Kusini mwaka 2013. Ndani yake mna diski. Unachagua kipindi kwa rimoti, nacho kinajirekodi hata ukiwa kisimani. Sehemu ya diski hiyo kampuni yenyewe huijaza vipindi vya siku zilizopita, vikishuka kwa njia ya dishi, bila intaneti.

Si lazima kununua cha bei hiyo. Baadhi ya ving'amuzi vya kawaida vina tundu la USB, ukichomeka flashi vinarekodi. Flashi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya saa 15 za picha ya kawaida. Lakini kabla hujatoa fedha, muulize muuza duka maswali haya, na mwambie akuonyeshe kwa vitendo:

1. Je, tundu hili linarekodi kweli, au ni la kutazamia picha tu? Mengine yapo kama pambo.

2. Je, kinaweza kurekodi chaneli moja huku tukitazama nyingine? Vya bei nafuu vingi haviwezi. Swali hili, mama, ni la amani ya nyumba. Kama mpira uko hewani na baba yupo kitini, king'amuzi kisichoweza mawili hakitakurekodia chochote.

3. Kifurushi kikiisha, nitaona bado nilivyorekodi? Kwa baadhi, ukikatiwa malipo, na vilivyohifadhiwa navyo hufungwa. Tena vipindi vya kulipia mara nyingi hufunguka kwenye king'amuzi kilekile tu, kwa hiyo usimwahidi mama mkwe kumpelekea flashi.

Kuna na jambo la umeme. Mashine hii hurekodi saa ya kipindi tu. Umeme ukikatika dakika hiyo, au LUKU ikiisha, umekosa. Na radi zinapoanza, nakusihi uchomoe waya wa umeme na ule wa dishi hata kama kipindi ukipendacho kimebakiza dakika tano. Kipindi kitarudiwa.

Kinachotoka mtandaoni

Intaneti haijali umeme ulikatika saa ngapi. Kipindi kimewekwa, kinakungoja wiki nzima au mwaka mzima. Uingereza BBC walianza kufanya hivyo mwaka 2007 kwa iPlayer. Kwetu vituo kama ITV na TBC huweka habari na vipindi vyao YouTube, na wenye ving'amuzi wana programu zao za simu, kama AzamTV Max. Dunia imeelekea huko: mwaka 2025 hao TiVo wenyewe waliacha kuuza mashine zao za kurekodi. Kwa hiyo binti wa dada yangu hakusema uongo.

Alichosahau ni hesabu. Saa moja ya picha ya wastani kwenye intaneti hula karibu gigabaiti 1. Ukitaka picha safi kabisa kwenye skrini kubwa, hufika gigabaiti 3. Watoto wakitazama saa moja tu kila siku, mwezi ukiisha ni gigabaiti 30, au 90. Chukua bei ya bando lako, zidisha, kisha linganisha na kifurushi cha king'amuzi. Kwenye king'amuzi saa moja iliyorekodiwa nayo ina ukubwa kama huohuo, ila inashuka kwa dishi, na umekwisha kuilipia. Ukiirudia mara kumi hulipi tena. Mtandaoni, kila ukirudia unalipa, isipokuwa umeipakua kwanza.

Ipo njia ya kubana. Kwenye mipangilio ya YouTube shusha ubora hadi 240 au 360. Kwa skrini ya simu inatosha, na saa moja itakula kama robo ya gigabaiti au zaidi kidogo. Tena chagua mahali. Huku kwetu mtandao hushika ukingoni mwa mlima na kupotea bondeni, na kipindi kinachosimama kila dakika kinakumalizia bando na uvumilivu.

Yaliyonipata

Sasa niwaambie kwa nini sikulijibu vizuri swali la dada yule. Nilizungumza juu ya fedha tu, wakati mimi mwenyewe nilipata hasara ambayo haikuwa ya fedha.

Mwaka jana nilimpa mwanangu wa mwisho simu yangu jioni moja atazame katuni, ili nami nimalize kupiga pasi sare zangu. Katuni ile ikaisha, ikaanza nyingine bila kuombwa, na nyingine, na nyingine. Mimi nilisinzia. Yeye naye alisinzia na simu kifuani, nayo ikaendelea peke yake hadi bando likaisha na betri ikafa.

Usiku huohuo zahanatini mama alijifungua salama, kisha damu ikaanza kumtoka kwa wingi. Mwenzangu wa zamu alinipigia mara tatu. Simu imezimwa. Ikabidi mlinzi aje kwa miguu na tochi, anigongee mlango. Nilikimbia na kanga juu ya nguo za kulalia. Tulifanya tuliyofundishwa, gari likapatikana, mama akapelekwa hospitali, na leo yuko hai na mwanawe ananyonya. Lakini wauguzi wenzangu wanajua dakika ishirini zina maana gani kwa mama anayetokwa damu. Dakika hizo nilizipoteza mimi, kwa katuni.

Sikumlaumu mtoto. Mtoto hufanya kile mlango ulio wazi unachomruhusu. Nilikaa nikajiuliza: mbona king'amuzi hakijawahi kuniletea jambo kama hili? Jibu ni kwamba kilichorekodiwa kina mwisho. Kikiisha, skrini inatulia na mtu anaamka kwenda kulala. Cha mtandaoni hakina mwisho. Kimetengenezwa hivyo makusudi, kila kimoja kikufungulie kingine. Tena televisheni iko sebuleni, sote tunaiona na tunajua anayetazama na anachotazama. Simu huingia chini ya blanketi.

Tulivyopanga kwetu

Tangu usiku ule tumekuwa na utaratibu, nami nawapa kama ulivyo. Chukueni unaowafaa.

Simu ya kazi si televisheni ya nyumba. Ya kwangu inalala kando ya kitanda changu, imechajiwa, na haipewi mtoto. Nawe hata kama si muuguzi, simu yako ndiyo njia ya mwalimu, ya mzazi wako mgonjwa, ya mume aliye safarini.

Kwenye simu yoyote inayotazamiwa, tumezima ile sehemu ya video kujianzisha zenyewe. Ni kitufe kimoja tu, na binti wa kidato cha tatu atakionyesha kwa dakika moja. Mpe kazi hiyo, ataona kwamba naye anahesabiwa.

Vipindi vya watoto vinarekodiwa kwenye flashi, navyo vinatazamwa sebuleni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13. Kwa kilichorekodiwa ni rahisi kushika kipimo hicho: kipindi kimoja, kisha kuoga, kisha kulala.

Mpira tumemwachia baba, moja kwa moja. Mpira uliorekodiwa ni kama chai ya jana, maana matokeo yameshafika sokoni Soni kabla hujawasha. Yeye naye amekubali kwamba saa moja Jumamosi jioni, vyombo vikiisha kuoshwa, ni ya mama. Hapo ndipo ninapotazama kile nilichokikosa wiki nzima nikiwa kazini. Mara nyingi baba hukaa tukatazama wote.

Na intaneti je? Tunaitumia kwa lililokusudiwa: somo la hesabu ambalo mwalimu ameelekeza, habari tuliyoikosa umeme ulipokatika, ibada ya msiba wa ndugu wa mbali. Tunafungua, tunatazama, tunafunga.

Jibu langu

Basi, dada yangu wa kwaya, ukisoma ukurasa huu, jibu langu ni hili. Kama mnalo dishi tayari na kifurushi mnakimudu, nunueni king'amuzi cha kawaida chenye tundu linalorekodi kweli, na flashi. Kitakachobaki kiwe akiba. Binti apate bando dogo la masomo, mkilipanga naye mezani pamoja na baba yake. Kama hamna umeme wa uhakika, au hamna dishi, simu itawafaa zaidi, lakini muiwekee saa ya kulala kama mnavyomwekea mtoto.

Na kabla ya kwenda dukani, kaeni usiku mmoja ninyi watatu mjiulize: katika nyumba hii, nani amekuwa akikosa kila siku? Anzeni na huyo. Nadhani wewe na mimi tunajua ni nani, na bado ana mwiko mkononi.

Hadi mwezi ujao, muwe na afya njema ninyi na wana wenu.