Minyoo ya Watoto na Nyumba Zetu za Kupanga

Ndugu wanachama, twaomba radhi kwa kuleta habari za vyoo katika kurasa ambazo kwa desturi husomwa habari za mishahara, likizo na kiinua mgongo. Walakini tumenyamaza mno, na jambo lenyewe latuhusu sisi kuliko tulivyopenda kukiri.

Wako wenzetu wasemao ya kuwa minyoo ni maradhi ya shamba, na kwamba mtu akiisha kuhamia Dar es Salaam, akapata kazi ya ofisini na kuwavika wanawe viatu, ameagana nayo. Maneno hayo hayana msingi. Safura ndiyo ipitayo katika ngozi ya mguu mtupu, na kweli yapenda udongo wa shamba. Bali chango na mnyoo mjeledi huingia kwa kinywa, nao hustawi mahali watu walipobanana, watoto wakicheza hatua chache tu kutoka chooni. Chango jike mmoja hutaga mayai yapata 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka pamoja na kinyesi, yakakaa majuma mawili au zaidi katika udongo wenye unyevu mpaka yakomae. Kisha huweza kungoja hata miaka, mpaka kije kidole cha mtoto au tembele lisiloshwa vema. Karani ajuaye hesabu na azidishe mwenyewe: minyoo jike 20 katika tumbo la mtoto mmoja ni mayai 4,000,000 kila siku, na mji huu katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya 5,300,000. Viatu vitafaa nini hapo?

Tutaambiwa kwamba dawa ipo. Naam, ipo, nasi twaisifu. Mwaka 2001 wajumbe wa mataifa katika mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani waliazimia kwamba ifikapo mwaka 2010 watoto wa shule wasiopungua 75 katika kila 100 walio hatarini wawe wakipewa dawa mara kwa mara. Kidonge kimoja cha albendazo, miligramu 400, huwaangusha chango wengi kwa siku chache, na mtoto aliyekuwa akipungukiwa na damu na akili yake ikisinzia darasani hupata nafuu. Mwenye kutaka kidonge hicho kiachwe ni adui wa watoto. (Mnyoo mjeledi ni mkaidi zaidi, kidonge kimoja mara nyingi hakimtoshi.)

Lakini kidonge hufukuza minyoo iliyo tumboni, wala hakina mamlaka juu ya mayai yaliyo uani. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya taarifa za uchunguzi kutoka nchi mbalimbali, wakaona ya kuwa miezi 6 baada ya dawa, idadi ya wenye chango imerudi kufika asilimia 68 ya ile ya kwanza, na baada ya miezi 12 imefika asilimia 94. Maana yake, mtoto hula dawa, akarudi nyumbani, na nyumbani humrudishia minyoo yake. Basi yatupasa kuuliza: nyumba hizo ni za nani?

Hapa ndipo penye uchungu. Masika iliyopita tulikwenda Buguruni kumjulia hali mgonjwa. Nyumba ile ina vyumba vinane, na choo kimoja cha shimo kilichojengwa juu juu, kwa sababu chini maji hayako mbali. Usiku mvua ilinyesha kwa nguvu, na asubuhi tulikuta uani maji meusi yakipita kwenda mtaroni. Mama mmoja mpangaji, aliyekuwa akiepua vitumbua, alitwambia pasipo kuona ajabu: "Ametapisha choo, baba. Kila masika hutapisha." Tukauliza nani. "Kijana aliyetumwa na mwenye nyumba. Huzibua lile tundu la pembeni, mvua ikachukua." Mwanawe wa miaka sita alikuwa akirusha mashua ya karatasi katika maji yale yale. Majuma mawili kabla ya siku ile alikuwa amepewa dawa ya minyoo shuleni. Nasi tulipouliza jina la mwenye nyumba, tulilijua: ni mwanachama mwenzetu, mtu mwenye heshima, ambaye hukaa viti vya mbele katika mikutano yetu.

Hatumtaji, maana tungemtaja yeye ingetupasa kutaja na wengine. Kwa miaka mingi watumishi wa Serikali tumeweka akiba zetu katika nyumba za kupanga, na si dhambi. Ni busara ya mtu atazamiaye kustaafu. Dhambi ni kupokea kodi ya miezi sita mkononi kisha kuliachia wingu la mvua kazi ya kusafisha choo. Funika kombe, mwanaharamu apite! Lakini apitaye hapa ni mtoto wa mpangaji, na baada yake jirani wa bondeni, na baada yake mchicha wa Bonde la Msimbazi, ambao kesho wauzwa sokoni na kuliwa mezani kwa huyo huyo mwenye nyumba.

Udhuru wao twaujua. Wa kwanza, ati Serikali haijaleta bomba la maji taka. Ni kweli, na shutuma hiyo ni ya haki: wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi za watu, wakaacha uwanda wa Mnazi Mmoja uwe mpaka baina ya Kariakoo na kati ya mji, na mpaka leo nyumba zilizo nyingi hazikufikiwa na bomba. Tutaendelea kulidai. Lakini je, mtu asiye na bomba amepewa ruhusa ya kumwaga? Wa pili, ati gari la kunyonya haliingii katika vichochoro. Ziko pampu za mkono ziingiazo hata mahali mkokoteni unapopita kwa shida, na wako vijana wazifanyao kazi hiyo kwa ujira. Wa tatu, ati wapangaji hawataki kuchanga. Pale Buguruni tulipiga hesabu tukiwa uani: kodi ya vyumba viwili kwa mwezi mmoja ingetosha kulipa gharama yote ya mwaka. Wapangaji wamekwisha kuchanga. Fedha i katika mfuko wa mwenye nyumba.

Tena wamo kati yetu wanaofanya kazi katika idara zile zile zinazotakiwa kuisimamia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Huandika asubuhi onyo kwa mama ntilie asiye na ndoo ya kunawia, na jioni hutuma kijana kuzibua tundu.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu ujao tutaleta hoja, nasi twataka ijadiliwe waziwazi na kupigiwa kura kwa mikono: kila mwanachama mwenye nyumba ya kupanga alete kwa katibu wa tawi lake, kabla ya mvua za masika, stakabadhi ya kunyonyesha choo, na asiye nayo asigombee cheo chochote katika chama hiki mwaka huo. Sisi tuandikao tunazo nyumba mbili, moja Keko na moja Manzese. Stakabadhi ya Keko ipo. Ya Manzese haipo, nasi hatutagombea mpaka ipatikane.