Mnunuzi ananunua mji, sisi tunauza migomba

Wadau, leo naomba tuongelee viwanja. Najua wengi wenu mmepanga mjini na kila mwisho wa mwezi mnapiga hesabu za kiwanja Kibaha, Chanika au Bunju. Lakini wengi wetu pia tuna baba, shangazi au bibi mahali fulani mwenye shamba ambalo mji umeshalifikia. Sisi tunatafuta kununua, wao wanatafutwa wauze. Hao ndio nataka tuwaongelee, na mfano wangu ni Kitendaguro.

Kwa wasiopajua, Kitendaguro ni moja ya kata 14 za Manispaa ya Bukoba. Kwenye makaratasi ni mjini. Ukifika kwenyewe unakuta bibanja: migomba, mibuni ya robusta katikati yake, maharage chini, nyumba, na makaburi ya wazee pembeni. Halafu ghafla, katikati ya migomba, unakuta ukuta mpya wa matofali na geti la chuma. Huo ukuta ndio habari yenyewe.

Kibanja cha Mhaya si shamba tu. Udongo wa asili wa kule ni hafifu. Rutuba ililetwa na watu, vizazi kwa vizazi, kwa kubeba nyasi kutoka rweya (yale maeneo ya wazi ya nyasi) na samadi ya ng'ombe na kuvirundika kwenye migomba. Kwa hiyo mtu anapouza kibanja anauza pia jasho la babu wa babu yake. Anauza kwa bei gani?

Mama mmoja wa Kitendaguro, mwenye umri wa kuwa bibi yangu, alinieleza jinsi alivyouza nusu ya kibanja chake. Walihesabu migomba, wakahesabu mibuni, wakaongeza mparachichi mmoja. Nikamuuliza, na ardhi je? Akanishangaa. Kwa maelezo yake ardhi ni ya serikali, yeye ameuza kilichoota juu yake.

Msicheke. Huyo mama hajakosea kusikia. Hivyo ndivyo nchi yetu ilivyomfundisha. Mwalimu Nyerere alishaandika tangu 1958 akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya sokoni, na baada ya uhuru ardhi yote ikawa ya umma. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ilisema wazi kwamba ardhi tupu hailipwi fidia. Wathamini walipokuja walihesabu mazao na nyumba, wakaondoka. Mtu aliyeyaona hayo ujana wake wote ataachaje kuhesabu migomba?

Tatizo ni kwamba sheria ilibadilika na hakuna aliyerudi kumwambia. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilisema haki ya kimila ya kumiliki ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Halafu ikaja Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, iliyoanza kutumika 2001. Ardhi imebaki ya umma chini ya udhamini wa Rais, lakini miongoni mwa misingi ya sheria hiyo upo unaosema kwamba maslahi ya mtu katika ardhi yana thamani, na thamani hiyo lazima izingatiwe katika kila shughuli inayoyahusu. Yaani ardhi yenyewe ina bei, hata ukiondoa mgomba.

Mnunuzi analijua hilo. Yeye hanunui migomba, pengine ataikata wiki ijayo. Ananunua umbali wa kufika mjini, barabara itakayopita na nguzo ya umeme. Anayeuza anauza migomba, anayenunua ananunua mji. Hapo ndipo tunapopigwa.

Tufanye hesabu, na hii ni ya mfano tu, si bei za Kitendaguro. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Toa robo kwa ajili ya njia, kata viwanja vya mita za mraba 600, unapata vitano. Tuseme mwenye kibanja amelipwa milioni 15 kwa ekari nzima. Mnunuzi anapima, anatumia tuseme milioni 5, halafu anauza kila kiwanja kwa milioni 8. Anapata milioni 40. Ondoa gharama zote, anabaki na milioni 20 bila kulima hata tuta moja. Amepataje? Kwa ramani na mawe ya mipaka.

Kuna wazee wanaosema dawa ni kurudi kwenye mila, ukoo uwe na kauli ya mwisho kibanja kisiuzwe kwa mgeni. Hapa natofautiana nao. Mnakumbuka kesi ya Holaria Pastory? Huyu mama wa Muleba alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Mwaka 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke wa Kihaya hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Tarehe 22 Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akasema mila hiyo ni ya kibaguzi na ni kinyume cha Katiba. Ndugu akabakiwa na nafasi moja tu, kukomboa ardhi kwa kurudisha pesa ya mnunuzi ndani ya miezi sita.

Hukumu ile ilikuwa sahihi. Ukoo usiomtunza mama hauna uso wa kumzuia asiuze. Ila haki ya kuuza bila kujua unachouza ni nusu ya haki. Mama wa leo anaweza kuuza bila kumwomba mjomba ruhusa, vizuri sana, lakini anauza kwa mizani ya mwaka 1967.

Nanyi msiniambie halmashauri itamaliza kila kitu. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza 2002, ulikuwa hivi: serikali inalipa fidia wenye mashamba, inapima, inauza viwanja. Mji ulipangika, sawa, lakini faida ya kupima haikwenda kwa mwenye shamba. Bukoba nako, mwaka 2013 baraza la madiwani liligawanyika vibaya, na mradi wa viwanja ulikuwa mmoja wa miradi iliyogombaniwa. Penye viwanja pana pesa, na penye pesa mwenye kibanja huwa wa mwisho kuitwa kikaoni.

Basi tufanye nini? Sheria yenyewe imetoa mlango unaoitwa urasimishaji: wenye maeneo wanapangiwa na kupimiwa wakiwa ndani ya maeneo yao, bila kuhamishwa. Majirani kumi wa mtaa mmoja wakikubaliana njia ipite wapi na kuchanga gharama ya mpima, kila mmoja atakuwa na kiwanja chenye ramani. Atakayetaka kuuza atauza kimoja, asomeshe mjukuu, abaki na nyumba, makaburi na migomba yake. Atakayekataa kuuza naye atakuwa na karatasi la kumlinda.

Na sisi tuliosoma? Kazi yetu ni ndogo mno. Kabla ya kumlaumu bibi kwamba ameuza urithi, mpigie simu leo. Mwulize kama kuna mtu amekuja kuhesabu migomba. Kama yupo, mwambie asitie dole gumba kwanza. Nauli ya kwenda kukaa naye siku mbili, pamoja na mwenyekiti wa mtaa na mpima, haifiki hata robo ya kile kiwanja unachokitafuta Chanika.