Pango la Mwezi kwa Mwezi: Waraka wa Ughaibuni kwa Wenye Nyumba Wapya

Kwa ndugu wa Dar es Salaam na wa miji mingine ya Tanzania Bara, walioanza au wanaokusudia kuanza kujenga vyumba viwili vitatu vya kupangisha.

Mwaka 2025 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya haki za wapangaji, na miongoni mwa vifungu vyake kimo kinachomzuia mwenye nyumba wa England kumdai mpangaji pango la zaidi ya mwezi mmoja kabla hajaingia. Kwa mhamiaji habari hiyo ilikuwa faraja kubwa, kwa kuwa mgeni asiye na mdhamini wala historia ya malipo nchini humo ndiye aliyekuwa akitakiwa mara nyingi kutoa miezi sita kwa mkupuo, na hakuna aliyedaiwa hivyo asiyehisi kwamba amedhalilishwa. Linalouma ni kwamba wapo wahamiaji hao hao wenye vyumba Chanika, Goba, Kivule na Kigamboni, na kwa simu moja ya jioni huwaagiza wadogo zao wasimkabidhi mtu ufunguo mpaka alipe miezi sita, na penye chumba kizuri, mwaka mzima. Wanachokikataa wakiwa wapangaji ugenini wanakitoza wakiwa wenye nyumba kwao, na walioko nyumbani wameuiga mtindo huo au wameufundisha, kwa kuwa pande zote mbili zimeuzoea kiasi cha kutouona tena.

Ombi la waraka huu kwa mwenye nyumba mpya ni kwamba aanze biashara yake kwa pango la mwezi kwa mwezi, likiambatana na amana ya mwezi mmoja na mkataba wa maandishi. Amana ni fedha ambayo mpangaji huiweka mwanzoni ili ifidie uharibifu au deni atakaloliacha, na ambayo hurudishiwa yote au sehemu yake anapohama. Ombi hili limetokana na huruma kwa mpangaji, na hilo halifichwi, lakini hoja itakayotolewa hapa ni ya faida ya mwenye nyumba mwenyewe, ambaye kwa miaka mingi ameaminishwa kwamba miezi sita mkononi ni usalama.

Mazoea hayo yana chanzo kinachoeleweka. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, na kwa muda mrefu pango likawa jambo lililodhibitiwa na sheria. Sheria ya kudhibiti pango ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, soko liliachwa wazi, wakati mikopo ya nyumba ya benki ilikuwa bado haijamfikia mtu wa kawaida, naye aliyetaka kujenga alilazimika kutafuta mtaji mahali pengine. Akaupata kwa mpangaji. Miezi sita ya vyumba vya mbele ndiyo iliyopaua vyumba vya nyuma, na fedha ya mwaka mzima ya chumba na sebule ndiyo iliyochimba shimo la choo na kununua mita ya umeme. Kwa lugha ya fedha, pango la namna hiyo ni mkopo usio na riba ambao mtu mwenye kipato kidogo humpa mtu mwenye kiwanja, na mjenzi anayefahamu kuwa ni mkopo ataelewa kwa nini unamletea shida baadaye.

Hesabu itatoa picha iliyo wazi zaidi. Tuseme mwenye nyumba amejenga vyumba vinne kwa shilingi milioni 30, na kila kimoja kinapangishwa kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Wengi huzidisha haraka, wakapata 2,880,000 kwa mwaka, wakasema fedha itarudi baada ya miaka kumi na kitu kidogo. Hesabu hiyo haipo duniani, kwa sababu chumba hukaa kitupu kati ya mpangaji mmoja na mwingine, rangi hubanduka, bati huvuja na kitasa huvunjika. Akitoa mwezi mmoja wa utupu kwa kila chumba, yaani 240,000, kisha kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo hukatwa kwenye pango la mwenye nyumba aliye mkaazi na kupelekwa Mamlaka ya Mapato, kisha 240,000 za matengenezo na 18,000 za kodi ya majengo, atabakiwa na 2,118,000, na mtaji utarudi baada ya zaidi ya miaka 14. Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya biashara hii, na anayeiona kuwa ndefu mno ni heri aahirishe kununua matofali.

Sasa iongezwe athari ya miezi sita. Anayetafuta chumba hicho cha 60,000 atahitaji 360,000 za mwenye nyumba na 60,000 za dalali, jumla 420,000 kwa siku moja, ilhali kipato chake, awe mlinzi, fundi cherehani, dereva wa bodaboda au mwalimu wa ajira mpya, humjia kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Watu wenye uwezo wa kulipa 60,000 kila mwezi bila kukosa ni wengi, lakini walioshika 420,000 leo hii ni wachache, na chumba kinawasubiri hao wachache. Kikisubiri miezi miwili zaidi kwa mwaka, kila chumba, mapato halisi yanashuka hadi 1,686,000 na mtaji unarudi baada ya karibu miaka 18. Kwa pango la mwezi na amana ya mwezi mmoja, mpangaji yule yule angeingia kwa 120,000, ukiacha fedha ya dalali, na angeingia wiki hii.

Baya zaidi ni pale mpangaji anapoipata hiyo fedha kwa mkopo. Ile mikopo ya mitaani yenye riba ya kutisha, ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, huchukuliwa pia kwa ajili ya pango, na aliyeanza maisha katika chumba kipya akiwa na deni la namna hiyo hana njia ya kukusanya miezi sita mingine ifikapo tarehe. Mwenye nyumba humwona mtu mtulivu kwa miezi mitano, akafurahi, kisha mwezi wa sita unafika na anakuta mtu asiyeweza kulipa chochote, anayeomba wiki mbili, kisha mwezi, kisha anahama usiku. Kwa malipo ya mwezi, dalili hiyo ingeonekana mwezi wa pili, wakati deni ni dogo, amana ipo na mazungumzo bado yanawezekana. Aidha, mwenye nyumba mwenyewe, akishapokea 360,000 kwa mkupuo, kwa kawaida huzimaliza kwa ada ya shule au msiba, na bomba likipasuka mwezi wa nne hana fedha ya fundi. Mpangaji naye hana namna ya kumsukuma kwa kuwa amekwisha kulipa. Nyumba nyingi za kupangisha zinaoza kwa sababu hiyo.

Hofu itakayotajwa ni kwamba mpangaji wa mwezi atakaa bila kulipa. Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa, ila dawa yake inajulikana na haihitaji kwenda Ulaya kuitafuta, kwa kuwa Nairobi, ambako watu si matajiri kupindukia, pango hulipwa mwezi kwa mwezi na amana ya mwezi mmoja ni jambo la kawaida. England imeongeza ulinzi wa pande mbili. Tangu Aprili 2007 amana ya mpangaji wa kawaida hulindwa na mpango maalumu ulioidhinishwa na serikali, na kwa utaratibu wa sasa mwenye nyumba ana siku 30 za kuikabidhi huko, akikiuka anaweza kuamriwa kumlipa mpangaji hadi mara tatu ya kiasi hicho, na tangu 2019 amana ya nyumba nyingi haizidi pango la wiki tano. Tanzania inahitaji sheria ya aina hiyo, na wabunge wanaoomba kura katika kata zilizojaa wapangaji wangepaswa kuulizwa wako wapi. Hata hivyo, mwenye nyumba mwenye vyumba vinne hana haja ya kulisubiri Bunge, kwa kuwa anaweza kufungua akaunti moja ya benki au ya simu isiyoguswa kwa jambo lingine, akaweka humo amana zote, na akaandika katika mkataba kwamba zitarudishwa ndani ya siku 14 baada ya ufunguo kurejeshwa.

Mkataba huo na uwe wa kurasa mbili, kwa Kiswahili kinachosomeka, wenye majina na namba za vitambulisho vya taifa vya pande zote, mdhamini mmoja wa mpangaji, tarehe ya kulipa, muda wa taarifa ya kuhama au kuhamishwa, na orodha ya hali ya chumba siku ya kukabidhiana, ikitaja kila taa, kitasa, dirisha na wavu wa mbu, pamoja na picha. Orodha hiyo ndiyo itakayoamua ugomvi wa amana, na ukifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya itakuwa na uzito kuliko kiapo cha jirani. Malipo yapitie benki au simu ili yaache kumbukumbu. Umeme uandikwe kwa uangalifu, kwa maana tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, nayo kwa nyumba ya kawaida imekuwa shilingi 1,500 kwa mwezi tangu 2023, kwa hiyo mpangaji anayenunua umeme hulipa kodi ya mali isiyo yake, na haki ni kupunguziwa kiasi hicho kwenye pango. Ni fedha ndogo, lakini vyumba vinavyotumia mita moja hugombana kwa kiasi kidogo kuliko hicho, na mita ndogo ya kila chumba hulipa gharama yake kwa amani inayoleta.

Kuhusu kiwanja yatosha kukumbusha kwamba bomoabomoa ya bonde la Msimbazi iliyoanza Desemba 2015 na ile ya barabara ya Morogoro kuanzia Kimara mwaka 2017 ziliwakuta watu wenye karatasi za serikali ya mtaa mkononi. Anayenunua na apeleleze kwanza katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, ajue hifadhi ya barabara inaishia wapi na maji ya masika hupita wapi.

Dalali naye, anayemtoza mpangaji mwezi mzima kwa kumwonyesha mlango, alipwe na mwenye nyumba aliyemtuma, au asitumike. England ilipiga marufuku ada za mawakala kwa wapangaji mwaka 2019, na nyumba bado zinapangishwa.

Linabaki suala la anayesimamia, na hapa walioko ughaibuni wanadaiwa zaidi ya wanavyokiri. Nyumba nyingi za namna hii ziliinuliwa na kaka au dada aliyebaki, aliyepokea fedha kwa simu, akapanda daladala kwenda kuhesabu mifuko ya saruji, akagombana na fundi, na leo ndiye anayegonga milango ya wapangaji na kusikia matusi yao, wakati aliyeondoka hutuma ujumbe wa kuuliza kwa nini fedha imepungua. Aliyeondoka hakuwepo mama alipolazwa, hakuwepo paa la nyumba ya familia lilipoezuliwa na upepo, na kutokuwepo huko amekulipa kwa maagizo makali kuhusu pango. Msimamizi huyo anastahili mkataba wake mwenyewe, wenye malipo ya asilimia 10 ya kila pango linalokusanywa, fungu la matengenezo analoweza kulitumia bila kuomba ruhusa, na mamlaka ya kumpa mpangaji mgonjwa wiki mbili za nafasi. Mikataba ya miezi sita itakayomalizika mwisho wa mwaka huu isihuishwe kwa mtindo wa zamani. Mpangaji aliyekwishakaa vizuri aruhusiwe kulipa mwezi wa Januari peke yake, na asilimia ya kwanza ya msimamizi itoke kwenye mwezi huo.