Wati 100 kwenye boksi, ukweli kwenye betri

Pesa ya pamba ikiingia, wengi wetu Kishapu, kuanzia Mhunze hadi Maganzo, hununua redio ndogo ya kuchaji inayopiga nyimbo za memori kadi. Boksi lake huandikwa wati 100 au zaidi, PMPO. Je, ni kweli?

Angalia betri. Tuseme imeandikwa volti 3.7 na 1,200 mAh, yaani ampia 1.2 kwa saa. Zidisha: unapata wati 4.4 kwa saa moja. Kama redio ingekula wati 100 kweli, betri hiyo ingekwisha ndani ya dakika tatu. Ikipiga saa mbili, basi inatumia wastani wa wati 2 tu. PMPO haina kipimo kinachokubalika kimataifa, hivyo kiwanda huandika kinavyotaka. Tafuta herufi RMS: hiyo ni nguvu inayotoka mfululizo.

Jambo la pili ni wimbo wenyewe. MP3 hupunguza faili kwa kutupa sehemu ya sauti. Wimbo wa dakika nne kwa 128 kbps huchukua karibu MB 4, na kwa 320 kbps karibu MB 10. Anayekuwekea nyimbo akizibana zaidi ili kadi ibebe nyingi, kilichotupwa hakirudi, hata kwenye redio ya bei kubwa.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji apige wimbo unaoujua, sauti hadi mwisho. Ikikwaruza iache, hata kama boksi limeandikwa wati elfu.