Mashine moja, mafundi wengi: Kidole kikikatika, nani anajibu?

Mgodi wa Buzwagi wilayani Kahama ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, ukasimama mwaka 2021. Sasa eneo lake linageuzwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na kinachosubiriwa ni viwanda. Viwanda vinataka vipuri, na vipuri vinatoka karakana.

Hata kabla ya viwanda hivyo, kazi zipo. Kuanzia Kahama hadi Geita, shafti ya karasha ikilika au gia ikivunja meno, mwenye mali hataki kusikia habari ya wiki mbili. Anataka jioni.

Hapo ndipo inapoingia milingi, mashine inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka. Ni ghali, si kila fundi anayo. Wengi wanatumia moja kwa zamu: mmoja anakata mfereji wa kii, mwingine anasubiri na kazi yake mkononi.

Hatari iko kwenye zamu

Fundi anayefanya kazi peke yake anajua alichoacha kwenye mashine. Kwenye karakana ya pamoja hajui. Aliyetangulia huenda aliacha spana juu ya spindo, hakukaza jiliwa, au aliacha mwendo wa kazi nyingine. Anayefuata akiwasha tu, spana inaruka.

Kasi haitoi nafasi ya kujirekebisha. Kisu cha milimita 12 kwenye chuma laini huzunguka kama mara 700 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 11 kwa sekunde. Mtu huhitaji kama robo sekunde kushtuka. Kabla mkono haujaanza kurudi, kisu kimeshapita karibu mara tatu.

Glovu nazo?

Wengi hudhani glovu ni kinga kila mahali. Kwenye milingi ni mtego. Kisu kikinasa uzi mmoja, kinavuta glovu na mkono ndani yake. Glovu ni za kubebea chuma chenye makali, mashine ikiwa imezimwa. Vivyo hivyo mikono mirefu ya shati, pete, na mtandio unaoning'inia.

Miwani ya kinga ndiyo haina mjadala. Vinyweleo vya chuma hutolewa kwa brashi baada ya kuzima. Havitolewi kwa vidole, na kuvipuliza kwa upepo wa kompresa ni kumrushia jirani machoni.

Umeme ukirudi

Umeme ukikatika katikati ya kazi, fundi huenda kupiga stori nje. Mashine kuukuu ambayo swichi yake imebaki ON inaweza kuanza yenyewe umeme ukirudi, huku dogo ameinama anapima. Dawa ni swichi ya kontakta, inayobaki imezima mpaka mtu abonyeze tena. Na kama nyaya za fezi tatu zimeguswa, mashine ijaribiwe kwanza bila kazi, maana inaweza kuzunguka kinyume.

Nani anajibu?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inataka sehemu za kazi zisajiliwe na mashine ziwe na kinga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, huchangiwa na mwajiri kwa ajili ya mwajiriwa wake.

Lakini fundi anayekodi mashine kwa saa ni mwajiriwa wa nani? Mwenye mashine atasema huyo ni mteja. Mwenye karasha atasema alileta shafti tu. Kidole kikikatika, gharama inabaki kwa fundi na familia yake.

Kwa hiyo mafundi wanaogawana mashine wanahitaji makubaliano yao, na hayahitaji bajeti kubwa:

- Mmoja awe msimamizi, na asiyefundishwa asiguse.
- Anayeondoka aache spindo tupu na meza safi.
- Anayeingia akague kwanza, ndipo awashe.
- Kubadili kisu au kupima ni baada ya kuzima swichi kuu.
- Mashine ikiwa mbovu, ifungwe kufuli na ibandikwe kibao.

Kufuli na kibao ni kawaida kwenye migodi mikubwa. Fundi aliyewahi kufanya kazi huko anajua utaratibu huo. Viwanda vikifika Buzwagi vitaanza kuuliza karakana inaendeshwaje kabla ya kutoa oda, na fundi mwenye vidole kumi ndiye atakayeipokea.